Dawa kwa Wanavajo, maji kwa Phoenix

Katikati ya miaka ya 1950, madaktari wa Chuo Kikuu cha Cornell walifungua kliniki Many Farms, kijiji cha kaskazini-mashariki mwa jimbo la Arizona, Marekani, katikati ya nchi ya Wanavajo, taifa la Wamarekani asilia. Walikuja na dawa mpya za kifua kikuu, antibiotiki, wauguzi, na Wanavajo waliofundishwa kupita nyumba kwa nyumba. Watu wapatao 2,000 walihudumiwa hivyo mpaka mwaka 1962. Kifua kikuu kilirudi nyuma. Maradhi ya masikio kwa watoto yalipungua. Ila watoto wachanga waliendelea kuugua nimonia na kuhara, na wengine kufa, karibu kama zamani, kliniki iwepo isiwepo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na waandishi wake hawakuzunguka. Walikiri kwamba utaalamu waliokwenda nao na maradhi waliyoyakuta havikuoana. Wanavajo wengi walikuwa wakiishi kwenye chumba kimoja chenye sakafu ya udongo, maji yakichotwa mbali kwa mapipa. Mtoto aliyetibiwa Jumatatu alirudi kwenye nyumba ileile Jumatatu jioni, na ugonjwa ulikuwa ukimsubiri.

Nimeanza na Many Farms kwa sababu mjadala wa afya ya Wanavajo, kila unapozuka, huishia kwenye hospitali: madaktari hawatoshi, majengo yamechakaa, bajeti ndogo. Yote ni kweli na nitayafikia. Lakini hospitali za Wanavajo zinatibu watu ambao uchumi unawaugulisha, na uchumi huo haukuja wenyewe. Ulipangwa kwa sheria na mikataba yenye tarehe na sahihi, na faida yake ilikwenda kwa watu wengine. Kinachorudi kwa wenyewe kinaitwa msaada, na kila mwaka inabidi waupigie magoti.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa jambo. Ardhi ya Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita, ina takriban kilomita za mraba 70,000 katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Rwanda na Burundi ukiziunganisha haziifikii. Walioandikishwa kuwa wana wa taifa hilo ni karibu 400,000, na kama 170,000 kati yao wanaishi humo. Wana rais wao, baraza la wajumbe 24, mahakama na polisi. Makao makuu ni Window Rock. Katika nchi yote hiyo maduka makubwa ya vyakula ni kama 13. Karibu theluthi moja ya nyumba hazina maji ya bomba. Zaidi ya theluthi moja ya watu wako chini ya kiwango cha umaskini cha Marekani, na barabara nyingi ni za vumbi, ambazo mvua ikinyesha hata gari la wagonjwa halipiti.

Msomaji wa Tabora au Kitui atasema, mbona hayo tunayajua. Ndiyo, tofauti ni kwamba haya yamo ndani ya nchi inayotumia fedha nyingi kwa matibabu kuliko nchi yoyote duniani.

Wanavajo hawakuanza wakiwa maskini. Mwaka 1864 jeshi la Marekani, baada ya ofisa wake Kit Carson kuchoma mashamba yao na kukata miti yao ya pichi katika bonde la Canyon de Chelly, liliwaswaga maelfu yao kwa miguu hadi Fort Sumner, mamia ya kilomita mashariki. Waliokufa njiani na kambini ni wengi. Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 uliwaruhusu kurudi kwao, na serikali ikaahidi kuwanunulia kondoo na mbuzi 15,000. Kutokana na mbegu hiyo, pamoja na mifugo iliyokuwa imefichwa milimani, wakajenga upya uchumi wao: nyama, sufu, mazulia waliyoyafuma na kuyauza kwa wenye maduka. Ilipofika miaka ya 1930 mifugo ilihesabika kwa mamia ya maelfu. Kwa mila yao ukoo hufuatwa kwa mama, na sehemu kubwa ya mifugo ilikuwa mali ya wanawake.

Kisha wakaja wataalamu wa udongo. Bwawa kubwa lilikuwa linajengwa kwenye mto Colorado, lile liitwalo Hoover, na serikali ikahofu kwamba tope la malisho ya Wanavajo litalijaza. John Collier, aliyekuwa mkuu wa shughuli za Wamarekani asilia, akaamuru mifugo ipunguzwe. Kondoo walinunuliwa kwa bei ya kutupa; mbuzi wengine walipigwa risasi na kuachwa waoze pale pale. Hofu hiyohiyo ya mmomonyoko ilivuka bahari: Waingereza waliwafanyia hivyo Wakamba, mpaka mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu kutoka Machakos kwenda Nairobi kumdai gavana ng'ombe wao. Wakamba walirudishiwa. Wanavajo hawakurudishiwa kitu. Mwanamke aliyekuwa na kondoo 200 na sauti nyumbani akabaki na kibali cha kufuga wachache, na mume akaenda kutafuta kibarua kwenye reli. Mlo wa nyama na maziwa ukapokewa na unga mweupe, sukari na mafuta ya mgao. Ukitaka kujua kisukari cha leo kilianzia wapi, usianzie kwenye kongosho.

Kibarua kikubwa kilichofuata kilikuwa urani.

Kati ya mwaka 1944 na 1986 zilichimbwa karibu tani milioni 30 za mawe ya urani kwenye ardhi ya Wanavajo. Kwa miaka mingi ya mwanzo mnunuzi alikuwa mmoja tu, serikali ya Marekani, iliyohitaji mabomu. Hapa kuna undugu ambao wasomaji wa Katanga wataufahamu: urani ya mabomu ya mwaka 1945 nyingi ilitoka Shinkolobwe, nyingine ilitoka Kanada, na sehemu ndogo uwanda wa Colorado, ikiwemo ardhi ya Wanavajo. Watu wa Likasi, jirani na Shinkolobwe, na watu wa Shiprock, mji wa Wanavajo, wana sura moja ya historia, na sidhani kama kuna mwanafunzi wa pande zote mbili aliyefundishwa hivyo.

Wachimbaji walilipwa mshahara mdogo, waliingia shimoni mara tu baada ya baruti kulipuka, vumbi halijatua, wakanywa maji yaliyochuruzika kwenye kuta za mgodi. Wakarudi nyumbani na nguo zao za kazi, wake zao wakazifua pamoja na nepi za watoto. Mawe mazuri ya mgodini yakachukuliwa kujengea nyumba. Madhara ya kazi hiyo yalikuwa yamejulikana Ulaya ya Kati tangu zamani, na dawa yake ilijulikana pia: mitambo ya kuingiza hewa shimoni. Kuanzia mwaka 1950 madaktari wa serikali kuu waliwapima wachimbaji ili kuona mionzi inawafanya nini. Ili kampuni ziwaruhusu kuingia migodini, walikubali kutowaambia wachimbaji hatari iliyokuwepo. Soma tena sentensi hiyo. Daktari alikuwepo, vipimo vilikuwepo, kumbukumbu zilitunzwa vizuri kabisa. Mgonjwa pekee ndiye hakuambiwa. Saratani ya mapafu, ambayo kwa Wanavajo ilikuwa adimu kwa vile wengi hawakuvuta sigara, ikaanza kuua wanaume wa Red Valley na Cove kijiji kwa kijiji.

Yaliyofuata yanafahamika kidogo kuliko yanavyostahili. Tarehe 16 Julai 1979 ukuta wa bwawa la mabaki ya urani ulipasuka Church Rock, New Mexico. Zaidi ya tani 1,000 za mabaki na lita zipatazo milioni 350 za maji ya tindikali yenye mionzi zikaingia mto Puerco, ambao Wanavajo walinywesha mifugo yao. Miezi mitatu na nusu kabla yake, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania kilikuwa kimepata ajali na dunia nzima ikakesha. Kwa ujazo, taka zenye mionzi zilizomwagika Church Rock zilikuwa nyingi zaidi, lakini waliokuwa chini ya mto walikuwa wachungaji.

Migodi ilipofungwa, mashimo zaidi ya 500 yaliachwa wazi au nusu wazi. Mwaka 2005 Wanavajo wakapiga marufuku uchimbaji wa urani kwenye ardhi yao. Kampuni moja kubwa, kupitia suluhu ya mahakama, ilitoa karibu dola bilioni 1 za kusafisha migodi kama 50, mingine inasubiri. Utafiti wa akina mama na watoto ulioanza mwaka 2010 umekuta kwamba kati ya wanawake 781 waliopimwa, asilimia 26 walikuwa na urani mwilini kupita kiwango ambacho asilimia 95 ya Wamarekani hawakifikii. Hawa si wachimbaji. Wengine wao walizaliwa migodi ikiwa imeshafungwa.

Niseme kwa mabano: mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo, uko kwetu. Swali la nani anashika cheti cha vipimo vya mchimbaji, mwajiri au mchimbaji mwenyewe, ni bora liulizwe sasa.

Baada ya urani, makaa ya mawe. Mwaka 1974 kituo cha kufua umeme cha Navajo kilianza kazi karibu na mji wa Page, megawati 2,250, kikichoma makaa yaliyochimbwa Black Mesa. Kazi yake moja kubwa ilikuwa kusukuma maji ya mto Colorado kwa mfereji wa kilomita zaidi ya 500, yapande jangwa mpaka Phoenix na Tucson. Miji hiyo ikakua, ikachimba mabwawa ya kuogelea na viwanja vya gofu. Wanavajo walipata mrabaha, na ajira mamia kadhaa zenye mshahara mzuri, ambazo sitazibeza. Kwa familia nyingi ndizo zilizosomesha watoto. Kituo kilifungwa Novemba 2019, mrabaha ukakatika, mabomba yake ya moshi yakaangushwa mwaka uliofuata. Wakati kinafungwa, nyumba kati ya 13,000 na 15,000 za Wanavajo zilikuwa hazina umeme. Nyaya za msongo mkubwa zilipita juu yao kwa miaka 45.

Hebu tuitazame nyumba moja ya namna hiyo, bila kuitaja ni ya nani, kwani ziko nyingi na zinafanana. Bibi ana kisukari. Insulini inatakiwa kukaa kwenye baridi, naye hana friji, kwa hiyo iko kwenye boksi la barafu. Barafu inanunuliwa kituo cha mafuta, na kituo cha mafuta kiko nusu saa kwa pikapu. Nyuma ya pikapu kuna pipa la plastiki la lita 200 la kuchotea maji kwenye bomba la kijiji, na maji hayo ndiyo ya kunywa, kupika, kuosha kidonda cha mguu na kunywesha kondoo wawili watatu waliobaki. Siku mafuta ya gari yanapokosekana, vinakosekana vyote kwa pamoja: barafu, maji na safari ya kliniki. Akifika kliniki wiki inayofuata sukari iko juu, daktari kijana aliyetoka Boston kwa mkataba wa miaka miwili ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maelekezo.

Kwamba maji hayapo si kazi ya jangwa peke yake. Mwaka 1962 Bunge la Marekani lilipitisha sheria moja yenye miradi miwili ndani yake. Mmoja ulikuwa wa kuwajengea Wanavajo mifereji ya kumwagilia ekari 110,000. Wa pili ulikuwa wa kupitisha maji ya mto San Juan kwenye mahandaki ya mlimani hadi bonde la Rio Grande, kwa ajili ya miji kama Albuquerque. Mradi wa pili ulikuwa unatoa maji katika miaka ya 1970. Ule wa Wanavajo haujakamilika hadi leo. Ilikuwa sheria moja iliyotiwa sahihi siku moja. Mwaka 2023 Wanavajo walikwenda Mahakama ya Juu wakiomba jambo dogo kiasi cha kushangaza: serikali, ambayo kwa mkataba wa 1868 ni mlezi wa mali zao, ihesabu mahitaji yao ya maji na kupanga namna ya kuyapata. Walishindwa, majaji watano kwa wanne. Mahakama ilisema haki ya maji wanayo, ila mkataba hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuyafikisha. Jaji Neil Gorsuch, ambaye si mtu wa mrengo wa kushoto hata kidogo, aliandika maoni ya kupinga kwa niaba ya wanne hao, akionyesha jinsi Wanavajo walivyopigwa danadana kutoka ofisi hadi ofisi kwa miongo.

Na kuna ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Wanavajo inashikiliwa na serikali kuu kwa niaba yao, hivyo mtu hana hati ya kuweka rehani benki. Anayetaka kufungua gereji au mgahawa kwenye kijiji alichozaliwa anahitaji kibali cha kiwanja, upimaji, ukaguzi wa mambo ya kale, ukaguzi wa mazingira, kura ya mkutano wa kijiji, na ridhaa ya jirani mwenye kibali cha malisho, ambaye anaweza kukataa bila kutoa sababu. Miaka inapita. Mwenye haraka anakwenda kufungua biashara Gallup au Farmington, nje ya mpaka, na Wanavajo wanamfuata huko kununua. Dola inayolipwa Chinle siku ya mshahara inalala Gallup usiku wa siku hiyohiyo, na kodi yake inajenga barabara za Gallup.

Kipo kisa kimoja ambacho naona kinapita vyote kwa upuuzi. Mwaka 1966, kwa sababu ya mgogoro wa ardhi kati ya Wanavajo na jirani zao Wahopi, ofisa wa serikali kuu aitwaye Robert Bennett alisimamisha maendeleo yote katika ekari milioni 1.5 magharibi mwa nchi ya Wanavajo. Yote, maana yake yote: kujenga nyumba, kuvuta bomba, hata kuziba paa linalovuja kulihitaji ridhaa ambayo kwa kawaida haikutoka. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2009. Mtoto aliyezaliwa siku lilipotangazwa alikuwa na miaka 43, na huenda wajukuu, katika nyumba isiyoruhusiwa kuongezwa chumba. Halafu tukajiuliza kwa nini ugonjwa wa kupumua hauishi sehemu hiyo.

Sasa hospitali. Tangu mwaka 1955 afya ya Wamarekani asilia iko chini ya idara ya serikali kuu inayojulikana kwa kifupi IHS. Kwa Wanavajo ina hospitali Gallup, Shiprock, Chinle na Crownpoint. Nyingine, kama ya Tuba City na ya Fort Defiance, zinaendeshwa na Wanavajo wenyewe kwa kutumia sheria ya mwaka 1975 inayoruhusu makabila kuchukua fedha za huduma na kujiendeshea. Matibabu ni bure. Watu wa nje husikia hilo la bure wakadhani ni upendeleo, wakasahau kwamba ardhi ndiyo iliyolipwa.

Shida ni namna fedha zinavyotengwa. Bima ya wazee ya Marekani inalipa bili kadiri wagonjwa wanavyokuja, sheria inailazimu. IHS hupewa fungu na Bunge kila mwaka, likiisha limeisha. Mwaka 2017 IHS ilitumia dola 4,078 kwa kila mtu. Kwa maveterani serikali hiyohiyo ilitumia dola 10,692, na kwa wazee wenye bima dola 13,185. Hata wafungwa wa serikali kuu wamekuwa wakitumiwa fedha nyingi zaidi. Nafasi za kazi za madaktari, wauguzi na wataalamu wengine zilizo wazi zilikuwa robo nzima. Mgonjwa akihitaji kupelekwa kwa bingwa nje ya mfumo, fungu la rufaa huisha kabla ya mwaka wa fedha kwisha, ndiyo maana makabila mengi yana msemo mmoja: usiugue baada ya Juni. Bunge likigombana na rais na serikali ikafungwa, kama mwisho wa mwaka 2018, zahanati zilikuwa zikikosa fedha siku hiyohiyo. Ni juzi tu, kuanzia bajeti ya 2024, Bunge limekubali kutenga sehemu kubwa ya fedha hizo mwaka mmoja kabla.

Na pale fedha zilipofunguliwa bila ulinzi, angalia kilichotokea. Mwezi Mei 2023 viongozi wa Arizona walitangaza kwamba bima ya umma ya jimbo ilikuwa imeibiwa fedha nyingi, zilizokuja kukadiriwa kuwa mabilioni ya dola, kupitia nyumba za upataji nafuu, zile ambazo Dar na Zanzibar tumezoea kuziita soba. Mpango wa bima uliowekwa mahsusi kwa Wamarekani asilia ulilipa karibu bei yoyote iliyotajwa. Wajanja wakagundua. Magari madogo ya abiria yakawa yanapita nchi ya Wanavajo na miji ya mpakani, yakiokota watu waliolewa, wasio na makazi, vijana wenye msongo wa mawazo. Waliahidiwa kitanda, chakula na tiba. Walipelekwa Phoenix, wakafungiwa kwenye nyumba za kupanga, wengine wakapewa pombe zaidi ili waendelee kuwa wagonjwa, na kila siku ikaandikwa bili ya ushauri nasaha usiofanyika. Serikali ilipozuia malipo, nyumba zikafungwa usiku mmoja na watu wakatupwa barabarani katika joto la Phoenix, mamia ya kilomita kutoka kwao. Wengine hawajaonekana. Window Rock ikalazimika kutuma polisi wake kwenda kuwatafuta watu wake mitaani.

Kwa mtazamo wangu, hicho si kisa cha wizi wa bima tu. Ni uchimbaji uleule. Urani iliisha soko, makaa yakaisha soko, ikabaki maradhi ya watu wenyewe, nayo yakapata bei. Na yalipata bei kwa sababu ndani ya nchi ya Wanavajo, ambako kuuza pombe ni marufuku karibu kila mahali, vitanda vya kuwatibu walevi vilikuwa vichache mno kuliko mahitaji. Aliyetaka kuacha pombe ilimbidi apande gari la mtu asiyemjua.

Janga la korona lilithibitisha yaliyokwisha kujulikana. Mwezi Mei 2020 maambukizi ya Wanavajo, ukilinganisha na idadi ya watu, yalipita ya jimbo la New York. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, tunalolijua kutoka Dadaab na Kivu, likatuma timu Arizona na New Mexico. Watu wakaambiwa wanawe mikono mara kwa mara, maji yako kwenye pipa. Bunge likatoa dola milioni 714 na sharti zitumike kabla ya mwaka kwisha, kana kwamba bomba la kilomita 100 kwenye mwamba hulazwa kwa miezi sita. Lakini chanjo zilipokuja, Wanavajo walichanjwa haraka kuliko sehemu nyingi za Marekani, wahudumu wao wakifuata wazee mpaka milango ya nyumba. Sifa hiyo ni yao.

Sifa nyingine ni ya zamani zaidi. Annie Dodge Wauneka alichaguliwa kwenye baraza mwaka 1951 na kupewa kamati ya afya wakati kifua kikuu kilikuwa kikimaliza watu. Alizunguka nyumba hadi nyumba akieleza vijidudu kwa Kinavajo, akiwashawishi wagonjwa waliotoroka wodini warudi, na kuwaleta waganga wa jadi na madaktari wakae pamoja. Katika kila nyumba alizungumza pia habari za sakafu, madirisha, maji safi na bomba la moshi la jiko. Mwaka 1963 akatunukiwa nishani ya juu ya kiraia ya Marekani. Alichokuwa akikisema sebuleni kwa watu, Cornell walikichapisha miaka mingi baadaye.

Wala si kweli kwamba fedha ya afya haisaidii kitu. Mwaka 1997 Bunge lilianzisha mpango maalumu wa kisukari kwa Wamarekani asilia wote, fedha zake zikaendelea kutoka mwaka hadi mwaka. Kati ya 1996 na 2013 wagonjwa wapya wa figo zilizokufa kwa kisukari walipungua kwa asilimia 54 miongoni mwao, kushuka kuliko kwa kundi lolote lingine nchini. Tuba City wana kituo cha saratani tangu 2019, cha kwanza kwenye ardhi ya Wamarekani asilia, kwa hiyo mgonjwa wa huko hapandi tena gari saa kadhaa kwenda kuwekewa dawa na kurudi akitapika njiani. Wanavajo wenyewe waliweka kodi ya asilimia 2 kwenye soda na chipsi, iliyoanza 2015, wakaondoa kodi kwenye matunda na mboga. Ni hatua nzuri, ingawa duka la mboga likiwa kilomita 80, punguzo la senti halipikiki.

Window Rock nayo haiwezi kujificha nyuma ya Washington kila siku. Ilipokea zaidi ya dola bilioni 2 za serikali kuu mwaka 2021, na kwa miaka mitatu magazeti yake yakajaa habari za fedha zisizotumika: idara zinarudishiana mafaili, baraza na rais wanavutana, miradi ya maji inasubiri sahihi. Mwenyekiti wao mashuhuri wa miaka ya 1970, Peter MacDonald, aliyewashambulia wakoloni wa makaa kwa hotuba kali, alikuja kufungwa jela kwa rushwa. Vibali vya malisho vilivyoachwa na sheria za Collier vinalindwa leo na familia za Kinavajo zenyewe, na wajumbe wanaoogopa kura hawavigusi. Hilo lazima lisemwe, na wanaolisema kwa sauti kubwa zaidi ni vijana wa Kinavajo waliorudi kutoka vyuo wakashindwa kupata kiwanja.

Sheria ya fidia kwa waliougua kwa sababu ya urani ilipitishwa mwaka 1990, miongo minne baada ya vipimo vya kwanza. Wajane wengi walikataliwa kwa sababu ndoa zao zilifungwa kimila na hazikuwa na cheti cha ofisi. Sheria iliachwa ife Juni 2024, wagonjwa wakiwa bado hai na mafaili yao mezani, kisha ikafufuliwa Julai 2025, dola 100,000 kwa mchimbaji. Mdai alete ushahidi wa ajira katika kampuni ambazo nyingi hazipo tena, na kumbukumbu za hospitali za miaka ile. Daftari la majina na vipimo, lile la madaktari wa mwaka 1950, liko kwa serikali inayoomba ushahidi. Dirisha la maombi linafungwa tarehe 31 Desemba 2027.